Pishi Mbili

Chupa ni ndogo, yaingia kiganjani.
Ndani mafuta ya karafuu, au tuseme
mafuta yaliyopita karibu na karafuu.
Madumu yake hushuka Malindi usiku
na maandishi nisiyoweza kuyasoma,
nasi, ghorofa ya pili pale Mlandege,
juu ya duka la mapazia,
twayamimina, twayabandika jina.

Kazi yangu maneno.
Nalipwa kwa posti: elfu ishirini,
thelathini ikipita laiki elfu moja.
Suhail, mwenye kampuni, akaniambia:
"Watu hawanunui mafuta, Mbarouk.
Wananunua bibi.
Nitafutie bibi."

Nami nilikuwa naye, kwenye kopo la biskuti:
Bi Mize binti Faki, wa Kangagani,
kando ya jamvi la karafuu mbichi,
jicho moja limefinywa na jua,
mkono juu, kama anayemwambia mpiga picha
basi, yatosha, ondoka, unazitilia kivuli karafuu zangu.
Ndiyo picha yake pekee.

Nikaisafisha.
Penye mkono nikapachika chupa.
Mikunjo nikamwachia, mikunjo inauza.
Chini nikatunga, kwa mizani aliyonifundisha mwenyewe
tukichambua vikonyo, mimi na yeye, barazani:

*Siri ya bibi wa Pemba, leo hii naitowa,
tone moja kujipamba, maumivu yatapowa.*

Bi Mize hakuwa na siri.
Alikuwa na mlango usio komeo,
na goti lililomuuma miaka kumi na minane
hadi akaenda nalo kaburini.

Usiku wa Ijumaa akapaa.
Laiki elfu sita.
Mashaallah, bibi ana nuru, bei gani?
Mnaleta Fuoni?
Yanatoa chunusi?
Mtu wa Maskati kataka katoni nzima.

Shangazi Kazija akapiga kutoka Wete, hakusalimu:
"Mbarouk, mama n'memuona kwenye simu ya mtoto wa jirani.
Kafufuka, anauza mafuta.
Basi muulize,
ule ufunguo wa kasha kauweka wapi."
Akacheka.
Kisha hakucheka.
Kisha laini ikakatika, au aliikata.

Nilitaka kuifuta.
Suhail akasema, ufute nini, wewe,
kwanza tumeiongezea pesa.

Nikakaa na simu, umeme umekwenda,
mapazia ya chini yananukia upya wake,
nikisoma ujumbe mmoja mmoja, hata ukaja huu,
hauna picha, kichwa cha kijivu tu:

"Assalaam aleikum. Huyu ni Bi Mize.
Mwaka ule wa njaa alitukopesha pishi mbili za mchele,
mimi mtoto, nimetumwa na kikapu.
Alipofariki nilikuwa bara.
Nataka kulipa kabla nami sijafa.
Ni mimi Hamad, wa Maziwang'ombe."

Kidole changu kilikuwa njiani.
Lakini ile mashine tuliyoifunga Jumatatu
ijibu wateja badala yetu,
isiyolala, isiyokwenda chooni, ikaniwahi:

"Asante sana kwa kutuchagua, ndugu mteja!
Bei ni elfu kumi na tano tu.
Ukichukua mbili, ya tatu bure!"

Vidoti vitatu vikacheza.
Vikasimama.
Vikacheza tena, muda mrefu,
kama mtu anayetafuta miwani.

"Elfu kumi na tano kwa pishi, si ghali.
Ila ya tatu hapana, mwanangu.
Hakutupa tatu. Alitupa mbili.
Nitume wapi?"

Mashine ikampa namba ya Suhail.

Jumatatu nikaitwa ofisini, nikapewa changu,
noti tatu za elfu kumi, mpya,
zimenyooka kama hazijapata kushikwa na mtu.